Mikono Isiguse Kitu

Baba yangu mdogo Mniko aliniita kwake asubuhi moja na kunipa kiti. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi, maana kwake mimi huwa nakaa kwenye gogo.

"Hezekia," alisema, "wewe huo udaktari umeuona kwa macho yako."

"Nusu yake, baba mdogo."

"Nusu inatosha. Nataka umtishe Mokami."

Mokami ni binti yake. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na kutoka jeshini, na redio ilikuwa imetangaza kwamba waliochaguliwa kusomea udaktari Dar es Salaam waripoti mwezi ujao. Alikuwa mmoja wao. Tatizo ni kwamba hakutaka udaktari wa kupima homa na kuandika dawa. Alitaka ule wa kupasua. Alikuwa amelisema hilo kwa sauti, kisimani, mbele ya kina mama, kwa hiyo kufika jioni kijiji kizima cha Matongo kilikuwa kinajua.

Msimwone baba mdogo mtu mbaya. Ndiye aliyempakia Mokami kwenye baiskeli na sanduku lake la bati kila shule ilipofunguliwa, na pale kwenye mlima anashuka, anasukuma vyote viwili. Hakukataa asome. Alitaka asome ualimu, hapo Tarime, arudi na chaki zake.

"Huko kwingine ataanguka," alisema. "Unamjua."

Nilimjua. Kwetu Ukuryani mtu anapimwa kwa kisu. Kijana akienda jando akakunja uso, hata akiwa babu mwenye wajukuu watu watamkumbusha kwenye pombe. Sasa Mokami, akiwa darasa la tano, alimwona kaka yake amejikata jembe mguuni. Kaka akasema "aa." Mokami akaanguka chini kama gunia. Tangu hapo akiingia mahali kuna mtu atasema, "Sogezeni viti, Mokami amekuja."

"Na wewe ulikwenda ukarudi," baba mdogo aliendelea. "Mwanamume, umetahiriwa, hukukunja hata kope. Kama wewe umeshindwa, huyu je? Arudi hapa na yeye waanze kumwita Nusu Daktari?"

Nusu Daktari ni jina langu la kijijini. Nimelizoea.

"Sikushindwa na damu, baba mdogo."

"Ulishindwa na nini?"

Nikafungua mdomo, akanipungia mkono. Hakuwa na haja ya kujua. Alitaka binti atishwe.

"Sawa," nikasema. "Ila tumtishe kihospitali. Na iwe mbele ya watu."

Hapo uso wake ukafunguka. Kwa Mkurya mtihani bila watazamaji siyo mtihani, ni mazungumzo tu.

Bahati ikatuletea ng'ombe. Kijiji kilikuwa na maksai wawili wa kulima shamba la ujamaa, na siku majina yanatolewa katibu wa tawi alikuwepo, kwa hiyo mmoja aliitwa Siasa na mwingine Kilimo. Siku chache nyuma, kwenye kunywa maji, Siasa alikuwa amemchoma Kilimo pembe begani. Jeraha lilikuwa limefunguka kama mdomo. Bwana mifugo Rubeni akatuma neno kwamba kesho atakuja na baiskeli kumshona, na atahitaji wasaidizi wenye mikono safi.

Jioni Mokami alinikuta nachonga mpini.

"Kaka Hezekia, nasikia kesho napimwa."

"Ndiyo."

"Niambie ukweli kabla. Kuwa daktari wa kupasua ni ngumu kweli kama wanavyosema?"

"Ni ngumu. Ila siyo pale wanapokuonyesha."

"Ni wapi?"

"Kesho utapaona. Nikikuonyesha leo baba yako atasema tumepanga."

Akachora chini kwa kidole cha mguu.

"Kutakuwa na damu?"

"Ng'ombe hana maji ndani, Mokami."

"Basi nitaanguka."

"Anguka. Mimi sijasema lolote juu ya kuanguka."

Akaniangalia vile watu wa kwetu wanavyoniangalia, wakitafuta nimeficha nini mfukoni.

Kesho yake zizi lilijaa. Mjomba wake Mokami, Filemoni, alikuwa amevuka mto kutoka Nyansurura kwa ajili hiyo tu. Filemoni ana kovu la chui kifuani, na shati lake vifungo vya juu havijawahi kufungwa tangu siku hiyo. Alikuwepo pia balozi wetu wa nyumba kumi, Matiko, na vijana kadhaa waliokuja kucheka. Nikasimama juu ya jiwe.

"Sheria ni moja," nikasema. "Kila anayejiona ana moyo wa daktari aje anawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Mikono ikikauka kwa upepo inakaa hivi, mbele ya kifua, juu. Isiguse kitu. Siyo nguo, siyo uso, siyo mtu. Mpaka Rubeni akate uzi wa mwisho. Anayegusa ametoka."

"Huo ndio mtihani?" Filemoni aliuliza. "Mura, we kijana, mimi nimeshika chui mkia."

"Leo hushiki kitu, mjomba."

"Na Mokami akianguka?" baba mdogo akauliza.

"Mtu akianguka anagusa wapi?"

"Chini."

"Basi atakuwa ametoka. Lakini tusemezane kabisa hapa mbele ya balozi. Akitoka yeye kabla ya wanaume, anakwenda ualimu na hasemi tena neno kupasua. Wanaume wote wakitoka yeye amebaki, anakwenda Dar es Salaam na wewe unamsindikiza."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Nimekubali," akasema. Kisha akakunja mikono ya shati na yeye mwenyewe akaenda kunawa, maana asingeweza kukaa pembeni wakati shemeji yake anapimwa.

Wakajipanga kwa ushujaa, Filemoni mbele, halafu baba mdogo, halafu Matiko, halafu vijana. Mokami wa mwisho kabisa. Mahali pa kusimama nilichagua mimi. Palikuwa pazuri, karibu na mbolea, upande ambao nzi wanapitia.

Rubeni alikuwa bado hajafungua sanduku lake balozi akajifuta jasho usoni.

"Umetoka, balozi."

"Nimefanya nini?"

"Umegusa uso."

"Ni jasho."

"Limetoka, na wewe umetoka."

Vijana wakacheka sana. Mmoja akacheka akajipiga paja, wawili wakapigana mabega. Nikawatoa wote watatu. Aliyebaki alipandisha suruali yake iliyokuwa inateremka, naye simlaumu, kulikuwa na wasichana.

Filemoni alisimama kama nguzo. Nzi alitua kwenye kovu lake akatembea lote, na hakutikisika. Nikamwendea taratibu, nikainama kidogo kwa heshima, nikanyoosha mkono.

"Shikamoo mjomba. Samahani, tangu ufike hatujasalimiana vizuri."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akanipa mkono.

Filemoni akautazama mkono wake ndani ya wangu.

"Huyu mtoto ni mwizi," akasema.

"Hata hospitali kuna watu wanaosalimia, mjomba. Umetoka."

Nikaenda kwa baba mdogo. "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mkono wako mpe ng'ombe."

Nikaenda kwa Mokami. "Habari za asubuhi, dada."

"Nzuri. Mkono nitakupa kesho."

Wakabaki wawili, baba na binti, wamesimama bega kwa bega, mikono juu. Wanafanana sana wakinuna.

Rubeni sasa alikuwa amemfunga Kilimo kwenye mti na kumchoma sindano ya ganzi. Akaanza kusafisha jeraha. Lilikuwa na usaha, akalibonyeza, usaha ukaruka, nyuma yake ikafuata damu, nyingi, ikashuka mguuni mpaka kwenye kwato. Watu wakamgeukia Mokami wote pamoja. Hakuna aliyekuwa anamtazama ng'ombe.

Mokami alibadilika rangi, midomo ikawa kama majivu.

"Sogezeni viti," mtu akanong'ona.

Alianza kuteremka, polepole kwanza, halafu kwa kasi. Na hapo baba mdogo, ambaye alikuwa amevumilia nzi, na siafu mmoja mguuni, na mimi, akaruka akamdaka kwapani kabla hajafika chini.

"Kaanguka," balozi akatangaza. "Mtihani umekwisha. Ametoka."

Rubeni hakugeuka. Alikuwa ameinamia bega la ng'ombe. "Amegusa nini?" akauliza.

Ndipo tukatazama. Mokami alikuwa ananing'inia mikononi mwa baba yake, kichwa kimelala upande, macho nusu yamefungwa. Lakini viwiko vyake alikuwa amevibana mbavuni, na viganja viko pale pale, mbele ya kifua, vimeangalia juu, kama mtu aliyebeba bakuli asilotaka limwagike. Havikugusa gauni wala baba yake wala chini.

"Mikono, baba," akasema kwa sauti ndogo. "Usiniguse mikono."

Baba mdogo akatazama viganja vya binti yake, kisha akatazama vyake mwenyewe, vyote viwili, chini ya makwapa ya Mokami, vimekamata nguo.

"Nimetoka mimi," akasema.

"Ungemwacha aanguke ungeshinda," Filemoni akamwambia.

"Ningemwacha vipi, shemeji? We umewahi kumwacha wa kwako?"

Filemoni akageukia ng'ombe.

Rubeni alisimama, akanyoosha mgongo. "Haya, nyie mnashindana na ng'ombe anavuja. Nataka mtu wa kunishikia ngozi pamoja wakati nashona. Nani bado ni msafi?"

Alikuwa mmoja tu.

Mokami akasimama, anayumba. Baba yake bado alikuwa nyuma, amemshika kiunoni.

"Nikuachie?"

"Bado. Nishike hapo hapo."

Wakaenda hivyo mpaka kwa ng'ombe, wawili kama mtu mmoja mwenye miguu minne. Rubeni akamwonyesha pa kubana, na Mokami akabana midomo ya lile jeraha kwa vidole vyake, na sindano ikaanza kupita. Rubeni akamwambia usitazame jeraha lote, tazama pale sindano inapoingia tu. Baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Sasa niache, baba."

"Kizunguzungu kimekwisha?"

"Hakijaisha. Ila nikitazama sindano kinakosa nafasi."

Baba mdogo akamwachia. Lakini hakuondoka. Alisimama hatua moja nyuma yake, mikono imenyooshwa mbele kama anayengoja kudaka kuku, mpaka uzi wa mwisho ulipokatwa.

Jioni aliniita tena. Safari hii nilikuta kiti kiko tayari, na chai.

"Wewe kule ulishindwa na nini?" akauliza.

"Na pua."

"Pua?"

"Ilikuwa inaniwasha. Nikishanawa tu inaanza. Mwalimu wangu alinifukuza chumba cha upasuaji siku ya kwanza kwa kujikuna. Siku nyingine akanifukuza kwa kumsimulia muuguzi hadithi nikampiga bega. Nikaona niondoke mwenyewe kabla hawajanichoka."

Akafikiria hilo. "Na hao walimu wao hawaanguki?"

"Yule mwalimu wangu alituambia siku yake ya kwanza alianguka akavunja jino sakafuni. Jino la dhahabu alilonalo aliliweka baadaye. Kila mwaka wanafunzi wanaanguka, baba mdogo, wanaegemezwa ukutani, wanapewa maji, wanarudi ndani. Mtu anazoea damu kama anavyozoea moshi wa jikoni. Shida ni hayo mengine. Kusimama. Kunyamaza. Kufanya kitu kidogo kile kile mpaka kiishe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema nimtishe."

Akanywa chai yake kwa kelele. "Kwa hiyo siyo ngumu."

"Sikusema hivyo. Kusoma kuko pale pale. Miaka mingi, vitabu vinene kama tofali. Wengi watarudi."

"Kwenye kusoma hajawahi kuanguka," akasema baba mdogo, na alilisema kama mtu anayesifia ng'ombe wake mwenyewe.

Mwezi uliofuata tulimsindikiza Mokami mpaka Nyamongo kupanda lori la pamba. Tulipita kando ya shamba la ujamaa. Kilimo alikuwa amerudi kwenye jembe, mshono wake umenyooka begani, na pembeni yake wamemfunga Siasa, wanavuta pamoja kama vile hapakutokea kitu.

Sanduku la bati lilipandishwa. Mama yake alimkumbatia, mimi nikapokea mkono niliokuwa namdai, balozi akatoa hotuba ambayo dereva aliikata kwa honi. Baba mdogo alibaki wa mwisho. Mokami alipokwisha kupanda alilisogelea lori, nikadhani atampa mkono. Akasimama badala yake, akabana viwiko mbavuni, akainua viganja mbele ya kifua. Mokami, kule juu ya marobota, akaiweka chini kanga aliyokuwa amejifunika na kufanya vile vile.

Lori likaondoka. Filemoni, ambaye alikuwa hajasahau ile shikamoo yangu ya zizini, akamsogelea shemeji yake kwa upande na kunyoosha mkono kwa upole mkubwa.

"Pole shemeji. Tushikane mikono basi, mtoto ameenda."

Baba mdogo aliutazama ule mkono. Akaendelea kuinua yake, vumbi linamwingia machoni, hajifuti, mpaka lori likapotea kabisa kwenye kona.