Safu Isiyotiwa Kitu

Pale maabara walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na undugu na yeyote. Alikuwa fundi wa maabara kwa miaka ishirini na sita, mkubwa kwa umri kuliko wote, Profesa mwenyewe akiwemo. Ndiye aliyejua friza ipi haifungi vizuri, na mashine ipi haizunguki mpaka ipigwe kofi la ubavuni. Siku hizi miguu ilikuwa imeanza kumgomea. Alivaa viatu vilivyozidi mguu wake kwa namba moja, maana ikifika alasiri nyayo zilikuwa zimemvimba na kila hatua alikuwa kama anaiomba.

Kazi ya chumba kile ilihusu kengele ya mwili. Ndani ya chembe hai zetu kuna walinzi wadogo mno, na kazi yao ni kunusa. Kirusi kikiingia huja na maandishi yake ya kinasaba, na walinzi wakiyakuta mahali yasipostahili kuwa, wanapiga kengele: chembe inamwaga interferoni, kemikali ya kutoa tahadhari, chembe jirani zinajiweka tayari, homa inapanda. Hiyo ni kinga ambayo mtu huzaliwa nayo. Lakini wapo watu ambao kengele yao haizimiki. Walinzi wananusa mabaki ya vinasaba vya mwili wenyewe na kudhani ni adui. Ugonjwa mmoja wa namna hiyo ni lupasi, na mdogo wake Shangazi, wa tumbo moja, alikuwa nao mwaka wa tisa sasa.

Waliishi pamoja, ndugu wawili katika nyumba ya vyumba viwili. Mdogo mtu alikuwa mwalimu wa hesabu mpaka vidole vilipokataa kushika chaki. Vidonge vilimvimbisha uso, na uchovu wake haukuwa wa kulala ukaamka nao umekwisha. Kuna siku kufunga vifungo vya blauzi kulimmaliza, akarudi kitandani na blauzi yake. Hata hivyo kila mwezi alijikongoja hadi maabara, akakunja mkono wa nguo na kutoa mirija minne ya damu.

Damu hiyo ilikuwa ya utafiti wa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu waliyemtania kwa jina la Daktari Mtarajiwa, kisha jina likakatwa likabaki Mtarajiwa. Alikuwa na mtoto anayenyonya na macho mekundu ya asiyelala. Kwa miaka mitatu alikuwa akifuatilia uzi mfupi wa herufi ishirini na mbili, mmoja wa zile zinazoitwa maikroRNA. Mwili huutengeneza wenyewe; uzi hujibandika juu ya ujumbe unaoagiza vifaa vya kengele, ujumbe ukanyamaza. Kwa wagonjwa wengi wa lupasi uzi huo ni haba. Mtarajiwa alitaka kujua: wakirudishiwa, kengele itatulia?

Basi walichukua chembe nyeupe za damu ya wagonjwa, wakazigawa katika vishimo vya trei ya plastiki. Nusu zilitiwa uzi wenyewe, uliotengenezwa kiwandani. Nusu nyingine zilitiwa uzi wa urefu uleule ambao herufi zake zimevurugwa hata hauna maana, kwa ajili ya kulinganisha tu. Na kila mara, zile zilizopata uzi wa kweli zilionyesha interferoni nusu ya zile nyingine. Makala ilikuwa imeshatumwa kwa jarida. Profesa, mtu asiyecheka ovyo, alikuwa ameanza kuimba chinichini kwenye korido.

Kisha ule uzi usio na maana ukaisha, ukabaki tone chini ya mrija. Uliokuja kuziba pengo ulikuwa wa mtengenezaji mwingine, herufi zake zimevurugwa kwa mpangilio tofauti. Jumanne hiyo mtoto wa Mtarajiwa alikuwa na homa, kwa hiyo Shangazi alifanya jaribio peke yake. Mashine ikatoa namba, naye akazitazama kwa muda mrefu. Pande zote mbili zilikuwa sawa.

Akajilaumu: mkono umekuwa mzito, macho yamezeeka. Akarudia Jumatano. Akasafisha mashine, akarudia Alhamisi. Sawa tena.

Ijumaa alifanya jambo alilowaambia wanafunzi wapya miaka yote na ambalo wao hulisikia kwa sikio moja: alitenga safu moja ya vishimo isiyotiwa kitu chochote. Mtarajiwa aliipanga mwaka wa kwanza, halafu akaiacha, kwa kuwa chembe za wagonjwa ni chache na kila kishimo kina thamani. Shangazi mwenyewe alikubali iachwe. Kisha akakwangua lile tone la uzi wa zamani. Lilitosha vishimo vitatu.

Saa kumi jioni majibu yakatoka. Safu isiyotiwa kitu, safu ya uzi wa kweli na safu ya uzi mpya usio na maana zilikuwa kiwango kimoja. Uzi wa zamani peke yake ulikuwa juu mara mbili. Ule uzi wa kweli haukuwa umetuliza kitu. Ni ule wa kulinganishia uliokuwa ukipiga kelele. Walinzi walinusa herufi zake wakadhani ni kirusi. Miaka mitatu.

Hakulia wala hakushtuka sana. Alikaa kwenye stuli, akavua viatu, akaweka nyayo juu ya sakafu ya baridi. Wazo lilimjia lenyewe, bila kubisha hodi: uzi wa zamani unaweza kuagizwa tena kwa herufi zilezile, tofauti itarudi, na hakuna atakayejua. Alikaa na wazo hilo kama mtu aliyekaa na mgeni asiyemtaka lakini hana nguvu za kumfukuza.

Jumamosi mdogo wake aliuliza, kama kawaida yake, uzi wao unaendeleaje. Shangazi akajibu kuwa upo, akainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Jumatatu alimsubiri Mtarajiwa kabla hajavaa koti jeupe, akamwekea karatasi mbele yake. Mtarajiwa aliisoma akiwa amesimama, kisha ameketi. Akauliza jaribio limefanywa mara ngapi, akaambiwa nne. Akauliza juu ya mashine, akaambiwa imesafishwa. Akabaki anaikunja pembe ya karatasi na kuikunjua.

"Nilikuwa nimalize mwezi ujao," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Shangazi, na kama tungeagiza ule wa zamani?"

"Utafika kwa siku tano. Nimelifikiria hilo tangu Ijumaa."

Hakulisema kwa kumkaripia. Mtarajiwa alimtazama usoni, akaona ni kweli amelifikiria, na kwa namna fulani hilo ndilo lililommaliza. Akalaza kichwa juu ya meza. Shangazi hakumgusa, alikwenda kujaza visanduku vya ncha za pipeti mpaka aliposikia stuli ikisogezwa. Mtarajiwa alikuwa amesimama, karatasi mkononi, anauliza kama Profesa ameshafika.

Profesa alisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza ni nani aliyeruhusu ile safu tupu iachwe. Mtarajiwa akafungua mdomo, lakini Shangazi akamtangulia, akasema ni yeye. Profesa akatikisa kichwa, akasema kila ukurasa wa daftari la majaribio una saini yake yeye Profesa. Alasiri hiyo aliandika barua ya kuiondoa makala. Hakuna aliyesikia tena wimbo kwenye korido.

Ikabaki kazi nzito kuliko zote. Jioni Shangazi alimkuta mdogo wake kwenye kochi, mikono ameitumbukiza katika beseni la maji ya moto. Akamweleza kila kitu, bila kupunguza. Mwalimu wa hesabu hakuhitaji kurudiwa.

"Yaani mlikuwa mnapima kina cha shimo mkiwa mmesimama juu ya kichuguu," alisema.

"Ndivyo."

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Akauliza kama basi hakuna kitu kabisa. Shangazi akamwambia hawajui. Walidhani wameupima uzi huo, kumbe hawajawahi kuupima sawasawa. Mdogo wake akatoa mikono kwenye maji na kuitazama, viungo vyekundu, ngozi imenyauka. Akasema aliwahi kuwatangazia wenzake wa kliniki habari za uzi huo. Mmoja wao, mama wa watoto wanne ambaye naye hutoa damu, humuuliza kila wakikutana.

"Afadhali ungenidanganya, dada, angalau mpaka mwezi huu uishe," alisema, akaingia chumbani.

Kwa siku mbili walipishana ndani ya nyumba kama wapangaji. Siku ya tatu, Shangazi alipokuwa kazini, mdogo mtu alikwenda kliniki kwa miguu yake na kumwambia yule mama wa watoto wanne ukweli. Alirudi amechoka mno, akalala na viatu. Dada yake ndiye aliyemvua.

Wakaanza upya. Miezi minane, wagonjwa kumi na mmoja, na kila trei ilikuwa na safu isiyotiwa kitu. Mtarajiwa aliacha kutaniwa kwa muda, kisha utani ukarudi. Mwishowe walichopata kilikuwa kidogo, lakini kilisimama: kwa wagonjwa wanne uzi ulipunguza kelele kwa sehemu moja ya tano hivi, kwa saba haukufanya lolote. Mtarajiwa alihitimu mwaka mmoja baadaye kuliko alivyopanga, na tasnifu nyembamba. Sura waliyoiulizia watu wa maabara nyingine ilikuwa ile ya uzi uliozusha kelele. Wawili waliandika kuwa nao walikuwa wakitumia huohuo.

Mdogo wake Shangazi alikuwa kati ya wale saba. Shangazi alimwambia siku alipokuja kwa zamu yake ya mwezi, kabla hajaketi, na akaongeza kwamba halazimiki tena kuendelea kutoa damu. Mdogo wake alisimama mlangoni ameshika mkoba kwa mikono miwili, akivuta pumzi za ngazi alizopanda. Aliuliza wale wanne ni akina nani. Shangazi akasema majina hayatajwi. Akauliza kama mama wa watoto wanne anaweza kuwa mmoja wao, na Shangazi akasema anaweza.

Akaketi. Akajaribu kukunja mkono wa nguo, vidole vikamshinda, akamnyooshea dada yake mkono wa kushoto akisema ule wa kulia umechoka. Shangazi akavuta stuli karibu, akamfunga mpira, akapapasa mshipa. Mara ya kwanza aliukosa, jambo ambalo si kawaida yake, akaomba radhi. Mdogo wake alikuwa ameshafumba macho.

"Chukua tu," alisema.