Mwenye Nyumba Mkali

Msiba ulipotulia, mjane alikwenda kwa mara ya kwanza kwenye vyumba vya kupangisha alivyoachiwa na mumewe. Hakuwa na riziki nyingine, njiani akamwomba Mungu wapangaji wasihame. Alimkuta fundi cherehani akifunga virago, akajitambulisha kuwa ndiye mwenye nyumba.

“Shikamoo, mama mwenye nyumba. Pole kwa kufiwa na msimamizi wako.”

“Msimamizi? Yule alikuwa mume wangu, na nyumba ilikuwa yake.”

Mpangaji wa chumba cha jirani, aliyekuwa akifua, akacheka. “Mama, usitufanye watoto! Tukiomba nafuu ya kodi, alikuwa akituambia wewe ni mkali kama pilipili. Kesho yake anarudi: ‘Nimembembeleza, kakubali.’”

Mjane aliketi kizingitini, asijue acheke au alie. Hakuwahi kuulizwa lolote.

“Sasa nani atatubembelezea?” fundi aliuliza. “Ndiyo maana nahama.”

“Niombeni wenyewe.”

Wakatazamana. “Basi, mama,” fundi alisema kwa woga, “paa langu linavuja.”

“Litazibwa wiki hii.”

Fundi akafungua fundo moja la mzigo wake, mengine akayaacha kwanza. Mjane naye akabaki akijiuliza: kila usiku kabla ya kurudi na jibu, mumewe alikuwa akimbembeleza nani?