Sweta Iliyokwenda Naivasha

Jumatatu asubuhi Khavere alifungua maktaba ya mtaa, pale karibu na mtaa wa Tena jijini Nairobi, akafagia, kisha akasimama mlangoni kupokea wasomaji na mitungi yao. Wasomaji wa pale huja na vya kukalia kutoka nyumbani: mitungi ya plastiki ya maji, vigoda, kreti za soda. Viti vya maktaba vilikuwa vimevunjika kimoja kimoja mpaka vikaisha. Kila bajeti ilipopangwa, Khavere, mkutubi pekee wa pale, aliomba viti. Mkuu wake, Bwana Ng'ang'a, alimsikiliza kwa upole, na fedha zikaenda kwenye kongamano la wakutubi. Mwaka huu lilifanyika katika hoteli moja huko Naivasha, na mada yake ilikuwa "Msomaji Kwanza".

Asubuhi hiyo, mara tu kongamano lilipofunguliwa, viti vya hoteli viliingia maktabani vyenyewe. Vilipitia mlangoni, vimevishwa vitambaa vyeupe na utepe wa dhahabu mgongoni kama vya harusi, vikajipanga kwenye meza. Khavere aliwaambia wasomaji wapanguse viatu, na mitungi ikawekwa nje.

Shirleen alichukua kiti cha dirishani. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, na kwao Kiamaiko ni chumba kimoja, wadogo zake wanne, na mbuzi wa machinjioni wanaolia nyuma ya ukuta tangu alfajiri. Maktabani alikuwa akisoma juu ya mtungi mpaka mgongo unakufa ganzi na hesabu zinamtoka. Sasa aliegemea. Khavere alimwona akiegemea, akafurahi jinsi mtu anavyofurahi mgeni wake akishiba.

Simu ikalia. Alikuwa Bwana Ng'ang'a.

"Khavere, viti viko kwako?"

"Viko, mkubwa."

"Sawa. Huku tumesimama."

"Poleni sana."

"Angalia wasivichafue. Hivyo ni vya wenyewe."

Jioni viti viliondoka kufuata barabara, kwa sababu wajumbe hawawezi kula chakula cha jioni wakiwa wamesimama. Asubuhi vilirudi. Wiki ikaenda hivyo, na Khavere hakukumbuka wiki nyingine nzuri kama ile.

Alhamisi jioni, siku ya kufunga kongamano, Shirleen alifanya wanavyofanya wasomaji wote wakitaka kutoka kidogo: alitundika sweta yake ya shule kwenye kiti.

"Madam, hapo nimeshika. Naenda tu kutafuta smokie."

Foleni kwa muuza smokie, soseji za barabarani, ilikuwa ndefu. Aliporudi, viti vilikuwa vimeshaondoka.

"Madam, na sweta yangu?"

"Imeenda Naivasha, mama."

"Ai, na si kuna baridi huko," alisema Shirleen, akaenda nje kuchukua mtungi wake.

Jumatatu iliyofuata Bwana Ng'ang'a alifika na mfuko wa kongamano. Ndani mlikuwa na sweta, imekunjwa vizuri.

"Kilikuwa kiti cha mbele kabisa, cha mgeni rasmi," alimwambia Khavere. "Hakuna aliyekikalia. Hata mgeni mwenyewe alikula amesimama. Sisi wote pale ni wakutubi, tunajua kiti chenye sweta kina mwenyewe."

"Asante, mkubwa. Na mliazimia nini?"

"Kwamba msomaji awe wa kwanza." Alitoa kalamu ya hoteli. "Haya, bajeti ya mwakani. Niandike viti, kama kawaida?"

Khavere alimtazama Shirleen. Alikuwa ameshaichukua sweta yake na kuivaa, ameinama juu ya hesabu, na mtungi ulilia kila alipojigeuza. Mtihani wake ungekwisha zamani kabla ya mwaka huo mwingine, na hilo lilimuuma Khavere. Lakini wadogo zake walikuwa bado.

"Hapana, mkubwa. Andika kongamano. Refu. Lianze Januari, liishe watoto wakimaliza mtihani."

Bwana Ng'ang'a aliguswa. Siku zote alisema kwamba ipo siku Khavere ataelewa mambo ya bajeti. Akaandika, na wiki hiyohiyo ombi likapitishwa lote, bila kupunguzwa hata shilingi.