Kisiki Nyuma ya Stoo

Musili alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi zenye umande, akimwagia maji matapishi ya mbwa kabla mapazia ya nyumba kubwa hayajafunguliwa, aliposikia kandambili zikija upande wa stoo. Alidhani ni Mwololo, askari wa getini, aliyependa kuja asubuhi kusimama tu na kuongea.

"Rudi getini," alisema bila kugeuka. "Hapa si kwako."

"Musili."

Ilikuwa sauti ya Mama Prachi, mwenye nyumba. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyo hakuwa amefika nyuma ya stoo hata mara moja.

Nyumba ile ya mtaa wa Loresho haikula nyama wala yai, kwa sababu ya dini. Aliyependa mbwa alikuwa Bhanu, mumewe, ambaye sasa ni marehemu, na ndiye aliyeweka masharti siku Musili alipoajiriwa. Nyama iingie kwa mlango mdogo wa nyuma, si getini. Ikatwe kwenye kisiki cha mkaratusi, nyuma ya stoo. Kisu, beseni na gambuti za kazi hiyo visivuke safu ya mawe yaliyopakwa chokaa. Musili akishawalisha mbwa alioga, akabadilisha shati, ndipo akavuka mawe kwenda kunywa chai yake kwenye ngazi za jikoni. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumkumbusha. Mbwa walikuja na kufa, masharti yakabaki, na sasa alikuwa amesalia mbwa mmoja tu, Moti, mzee wa miaka kumi na moja, mweusi mgongoni na mweupe mdomoni.

Mama alikuwa amesimama upande wa huku wa mawe, ncha ya sari puani, akitazama povu la manjano ambalo maji yalikuwa hayajalifikia. Moti alilala kando ya kisiki, kidevu juu ya miguu ya mbele.

"Tangu lini?"

Musili aliinuka polepole: goti moja, mkono juu ya kisiki, kisha goti la pili.

"Wiki tatu, Mama."

"Wiki tatu! Na kila siku nakuuliza, unasema Moti amekula vizuri."

"Alikuwa anakula vizuri."

Haukuwa uongo. Moti alikula, akalamba beseni, na baada ya saa moja akarudisha vyote, kisha alfajiri povu tupu. Musili alikuwa akibeba nusu ya ukweli hadi ngazi za jikoni kila asubuhi, na nusu ya pili akiizamisha kwenye nyasi kwa ndoo ya maji.

"Leo usimpe kitu," Mama alisema. "Naita daktari. Saa nne."

Alipofika kwenye mawe alisita. Akavua kandambili, akaziacha upande wa nyama, akavuka pekupeku na kupotea kwenye kona ya nyumba. Musili alizitazama zile kandambili za rangi ya waridi kando ya gambuti zake. Hakujua kama alipaswa kuziosha.

Mwololo alikuwa ameona yote kutoka kwenye kona ya stoo.

"Mzee, sasa mbwa atakula ya gunia," alisema. "Ile Viraj alileta. Utafanya nini?"

"Nitafanya kazi yangu."

"Kazi gani? Ile ya gunia hata mimi naimwaga na mkono mmoja, huku mwingine nafungua geti." Akacheka, kisha akaona uso wa Musili akaacha. "Ni mchezo, mzee wangu."

Lakini haukuwa mchezo, na wote wawili walijua. Gunia la chakula cha mbwa lilikuwa limekaa stoo miezi sita, tangu Viraj, mtoto wa Mama anayeishi Muthangari, alipolileta kwenye buti ya gari. Musili alikuwa amevaa miwani siku hiyo na kulisoma mbele na nyuma, kwa kidole, mstari kwa mstari. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini, kwenye ngumbaru ya Kangemi, madarasa ya jioni katika ukumbi wa kanisa, na tangu hapo hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila kusomwa. Mahindi. Unga wa nyama ya kuku. Mafuta. Majivu. "Mbwa si kuku," alimwambia Viraj, "kwamba ale unga wa mashi." Viraj alicheka, gunia likabaki limeshonwa.

Sasa alikuwa na miaka sitini na saba. Mtu wa umri huo haendi kutafuta nyumba nyingine yenye mbwa.

Alivaa gambuti akatoka kwa mlango mdogo. Alikuwa ameambiwa asimpe Moti kitu, lakini hakuambiwa asiende Kangemi, na miguu haikujua njia nyingine ya asubuhi. Akavuka barabara kuu ya Waiyaki Way, akateremka hadi buchari ya Kibe.

"Mzee wa mbwa!" Kibe aliita kabla hajafika. "Leo kuna mapafu, na ile matumbo yako chafu. Sijaiosha hata kidogo, vile unapenda."

Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka. Kibe alivuta ndoo kutoka chini ya meza. Musili aliinama akaitazama kwa muda mrefu kuliko desturi. Alinusa.

"Kibe, hii ililala wapi?"

"Ililala kwa ndoo. Ulitaka ilale hoteli?"

"Nauliza kama ililala kwa friji."

"Friji ni ya watu, mzee." Kibe aliacha kunoa kisu. "Ya mbwa inakaa hapo chini. Saa zingine imetoka jana, saa zingine juzi. Miaka yote hiyo hujawahi kuuliza."

Ilikuwa kweli. Alijua kupima mfupa kwa jicho, alijua mfupa mbichi hupinda na uliopikwa huvunjika kama kioo ukamchoma mbwa utumbo. Alijua mengi. Hilo moja hakuwahi kuuliza, kwa kuwa Bhanu alisema nyama ya Kibe, ikawa nyama ya Kibe.

"Na ukinitolea mafuta? Mbwa amezeeka."

"Nikitoa mafuta, mzee, utaenda na ndoo tupu."

Wanawake wakacheka tena. Musili naye alitabasamu kidogo, kwa heshima, akapanda kilima mikono mitupu. Mara mbili alisimama kupumzika. Zamani alisimama mara moja, na hiyo ilikuwa akiwa na mzigo.

Daktari Nyawira alifika saa nne na dakika chache. Alimpapasa Moti tumbo, mbwa akajikunja bila kulia. Akamfunua midomo: magego mawili yalikuwa yameoza hadi kwenye mzizi. Akachukua damu. Mama alisimama kando, kandambili zake za waridi miguuni, kwani alipovuka mawe alizikuta palepale, zimeoshwa.

"Mafuta yanamshinda," daktari alisema. "Kuna kiungo ndani kinachosaidia kuyasaga, naona kimevimba. Damu itatuambia zaidi."

"Ni nyama yangu?" Musili aliuliza.

"Siwezi kusema hivyo, mzee. Mtaa wa Mountain View natibu mbwa wanakula mbichi na wanang'aa. Lakini huyu ni mzee na meno yake yameoza. Mnaweza kuendelea na mbichi, iwe nyekundu tupu, isiyo na mafuta, iliyokaa kwenye baridi tangu ichinjwe. Au chakula cha kununua, kilicholowekwa. Mtu anaweza kwenda njia yoyote, bora aifuate kweli."

Mama alimgeukia Musili.

"Wewe sema. Mimi nyama sijui. Bhanu alisema mambo ya mbwa ni ya Musili."

Hakuna aliyemsukuma. Angeweza kusema nyekundu tupu, na kesho asubuhi angeshika beseni kama kawaida. Mama hangetofautisha nyekundu tupu na mapafu. Angefunika pua na kuamini. Moti alikuwa amefumbua jicho moja, akiangalia kisiki. Ilikuwa saa yake.

Mwewe watatu, waliozoea kudokoa mabaki ya kisiki, walikuwa tayari juu ya ukuta. Walijua saa pia.

"Gunia, Mama," Musili alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa na kumwita Mwololo alilete. Mwololo alilitua mbele yao kwa kishindo, akatafuta uzi wa kulifungulia.

"Hilo hapana," Musili alisema. "Hilo mafuta yake ni asilimia kumi na sita. Kama mafuta yanamshinda, hilo litammaliza."

Daktari aliligeuza gunia, akainama kwenye herufi ndogo za nyuma. Alipoinuka alimtazama Musili kana kwamba ndiyo kwanza amefika.

"Kumi na sita," alisema. "Kweli, mzee. Nitawaletea lingine mchana huu, la wagonjwa wa tumbo. Kikombe kimoja na maji ya vuguvugu, nusu saa, mara nne kwa siku. Mtu amwangalie baada ya kula. Mtu wa kusema ukweli."

Hakusema kwa ukali. Musili aliinamisha kichwa, akalipokea neno hilo.

Kesho yake aliamka saa ileile. Alikuwa ameshavaa gambuti ndipo akakumbuka, lakini hakuzivua. Aliosha kisu kilichokuwa safi, akakifunga kwenye gazeti. Alipima kikombe kutoka gunia la daktari, akamimina maji, akakaa juu ya kisiki na kusubiri punje zivimbe. Moti alikula taratibu, akisimama kila mara kunusa hewa, kisha akalala miguuni pake.

Musili hakwenda kunywa chai. Alikaa akihesabu pumzi za mbwa. Saa nne ilipokaribia, kandambili zilisikika zikija kando ya stoo, zikasimama karibu na mawe.

"Hajatapika?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bado, Mama."

Mwewe mmoja aliruka kutoka ukutani, akatua kwenye nyasi hatua tatu kutoka kwa Musili, akainamisha kichwa upande, akakitazama kisiki alichokalia mzee.