Baba Ndani ya Faili Dogo

Shemeji yangu, tunayemwita Mtaalamu, aliifuta kompyuta yangu akaiwekea mfumo endeshi huria. "Hauna virusi, hauna leseni, ni wa bure," akajisifu. Wahenga walisema rahisi ghali. Huu wa bure kabisa sijui wangeuitaje.

Nilichotaka ni kidogo tu. Marehemu baba alipokuwa akifanya kazi mbali, yeye na Mama hawakuandikiana barua, walitumiana kanda za sauti. Ilibaki moja, nayo imeanza kufifia. Nilikwisha kuiingiza kwenye kompyuta. Ilibaki kuigeuza iwe MP3 ili Mama amsikie mumewe kwenye simu. Kesho yake Mama alikuwa anaenda kupasuliwa moyo, na hakutaka kwenda kabla hajamsikia.

Nikaandika amri ya kuigeuza. Kompyuta ikajibu: amri haijulikani. Nikasahihisha. Ikajibu: huna ruhusa. Sina ruhusa, kwenye kompyuta niliyonunua kwa jasho langu! Nikampigia Mtaalamu huku nimefura.

"Tia kwanza neno la siri, ruhusa utapata. Ila faili lenyewe kubwa mno, shem," akasema. "Ongeza hapo amri ya kukata sehemu zenye kimya. Litakuwa jepesi."

"Halitaharibika?"

"Ukikata kimya utaharibu nini?"

Nikaongeza. Likatoka faili dogo, safi, nami nikapiga vigelegele peke yangu mezani.

Mama akasikiliza, akakunja uso. Baba alikuwa anabwabwaja mfululizo, hujambo mama watoto, watoto wanakusumbua, paa bado linavuja.

"Ana haraka ya nini huyu?" Mama akauliza. "Mbona hanisubiri?"

"Akusubiri vipi, Mama? Nimekata kimya tu."

"Alikuwa akiuliza, ananyamaza nimjibu. Hapo ulipokata ndipo penye zamu yangu."

Nilitamani kumtwanga Mtaalamu. Nikarudi kwenye amri, nikaifuta ile nyongeza, ikagoma, nikaitukana, ikagoma tena. Mwishowe likatoka faili zima, na mikwaruzo yake yote. Nikamwekea Mama simu mkononi.

"Hujambo, mama watoto?" Baba akauliza, akanyamaza.

"Sijambo," Mama akajibu.

"Watoto wanakusumbua?"

"Huyu mmoja tu." Akanitupia jicho.

Aliendelea kumjibu hivyo, mpaka kuhusu paa. Kisha Baba akashusha sauti.

"Najua nimekawia. Umechoka kunisubiri?"

Kanda ikakwaruza. Mama aliishika simu kwa mikono miwili, machozi yakimtoka.

"Bado," akasema.