Siku ya Ijumaa Sifungui Kitabu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla samaki wazuri hawajaisha sokoni, naenda kwa mama mmoja anayeuza vitabu vya mitumba karibu na daraja. Namrudishia nilichosoma, nachukua kingine. Lazima kiwe cha mauaji. Vya mapenzi sivitaki. Niliwahi kuolewa, inatosha.

Naanza Jumapili baada ya misa. Mchana nashona sare za shule, jioni nasoma miguu ikiwa juu ya kiti, maana hapa Malabon bahari ikijaa maji huingia hadi chini ya cherehani. Ikifika Alhamisi nakuwa nimefika pale mpelelezi anapowakusanya wote katika chumba kimoja. Hapo nakifunga. Ijumaa sikifungui. Ijumaa ni ya kufikiri: huku nashona, huku nawachambua watu wa kitabuni mmoja mmoja kama mchele, na jioni namtaja muuaji mbele ya familia. Jumamosi alfajiri nasoma mwisho. Mara nyingi napatia.

"Mama mkubwa, polisi wamekosa mtu kama wewe," Rodel alikuwa akinitania. Rodel ni mtoto wa mdogo wangu Ligaya.

"Hawajakosa mtu. Hawatafuti tu."

Kitu kimoja tu kwenye vitabu hivi kilikuwa kikinikera: yule muuaji anayeropoka jambo ambalo asingepaswa kulijua. Nilikuwa naguna peke yangu. Uvivu wa mwandishi! Mtu amepanga mauaji mwaka mzima, halafu mdomo umponze mezani kama mlevi? Haiwezekani, nilikuwa nasema.

Rodel aliwahi kuvuta unga, akaacha. Lakini jina halijui kuacha. Mwaka ule vijana wa mtaa wetu walikuwa wakipigwa risasi na watu wawili wawili juu ya pikipiki, nyuso zimefunikwa, na tulipopata habari kwamba jina lake limetajwa, Ligaya akamleta kwangu. Nikamficha kwenye chumba cha kushonea, nyuma ya pazia. Jioni ile nilimpakulia uji wa wali na kuku, nikatoka kwenda kununua ndimu. Niliporudi alikuwa sakafuni, amepigwa risasi kupitia dirishani, kijiko bado kiko mkononi.

Sasa nisikilizeni ujinga wangu. Mimi, niliyesoma mara mia kwamba usiguse kitu, nilikitoa kile kijiko mkononi mwake, nikachukua bakuli lililobaki nusu, nikaliosha. Watu wangeingia wakute vyombo vichafu! Kisha ndiyo nikatoka nje kupiga kelele. Niliporudi ndani, polisi walikuwa wamekwisha kuingia, na mkononi mwa Rodel palikuwa na bastola. Wakaandika kwamba alipigana nao.

Habari ya uji sikumwambia mtu yeyote, hata Ligaya. Niliona haya.

Jeneza tuliliweka nyumbani kwa Ligaya, juu ya matofali kwa sababu ya maji. Watu wakaja na biskuti, wakacheza karata kama ilivyo desturi ya msibani, na baba wa ubatizo wa Rodel naye akaja. Anaitwa Isko, mlinzi wa mtaa. Wapwa zangu wote wawili, Rodel na mdogo wake Andoy, yeye ndiye aliyewasimamia kanisani, nao humwita Ninong, jina la heshima la baba wa ubatizo, ambalo kwetu lina uzito karibu sawa na la baba. Isko alikuja na kifaranga ndani ya kofia yake, akakiweka mwenyewe juu ya kioo cha jeneza.

Aliyeuawa tunamwekea kifaranga. Kinadonoa punje za mchele pale juu ya uso wake, na kila kinapodonoa, kinamdonoa muuaji moyoni, popote alipo, mpaka akose usingizi. Wanawake walilia kwa kuona Isko amekumbuka. Mimi sikuwahi kuamini mambo ya vifaranga. Mimi ni mtu wa ushahidi.

Ilipofika Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, Isko alikuwa amekaa karibu yangu, anachovya biskuti kwenye kahawa.

"Maskini mwanangu," akasema, huku akitikisa kichwa. "Hata uji wake hakuumaliza."

Nikaweka kikombe chini. Uji ule aliuona nani? Mimi, marehemu, na aliyesimama dirishani. Nilimtazama Isko. Aliendelea kuchovya biskuti, hana habari, mashavu yamemnawiri kama mtu anayelala vizuri sana. Waandishi wa vitabu niwieni radhi, nilijisemea. Inawezekana.

Wakati huohuo Ligaya akasimama. Hakuwa amelia siku ile. Macho yalikuwa makavu, na nilimwogopa.

"Dada Chayong, leo Ijumaa."

"Ligaya, kaa chini."

"Sikai! Kila Ijumaa unatutajia watu wa kwenye makaratasi. Nitajie wangu leo. Nani alimuuza mwanangu?"

Karata zikasimama. Watu wote walikuwa mle ndani, chumba kimoja, kama inavyotakiwa. Andoy alikuwa ameegemea mlango. Yeye hupasua samaki sokoni, na kisu chake cha kazi hakikutoka kiunoni tangu kaka yake alipouawa.

"Mama mkubwa," akasema polepole, "mimi nataka jina tu. Mengine niachie mimi."

Isko akainuka, akaenda kumwekea mkono begani. "Taja, Dada Chayong, kama unalijua. Andoy naye asikie." Akanitazama usoni. "Mmoja ameshakwenda. Huyu aliyebaki ni wangu pia, nitamwangalia."

Sikujua kama amekwisha kuhisi ninalojua, au ni maneno tu ya baba wa ubatizo. Niliutazama ule mkono. Nikitaja, Andoy atachomoa kisu, na kisu hakishindani na bastola. Jumapili tungekuwa na jeneza jingine juu ya matofali. Kifaranga kilikuwa kinadonoa kioo, ko, ko, ko.

"Sijui," nikasema. "Safari hii sijui."

Ligaya akacheka, kicheko kibaya. "Vya uongo vyote unavipatia. Cha kweli kimekushinda."

"Muache, vitabu ni vitabu," Isko akasema kwa upole, na karata zikaendelea.

Baada ya mazishi nilikichukua kile kifaranga, maana hakuna aliyekitaka. Siku hizi ni kuku mkubwa, anafukua uani kwangu. Watu wanasema Isko bado analala fofofo. Mimi ndiye nisiyelala.

Kusoma sijaacha. Jumapili naanza, Alhamisi nafunga, lakini Jumamosi narudisha kitabu mwisho wake haujasomwa. Mama wa vitabu aliniuliza, "Siku hizi hutaki kujua?" Nikamwambia macho yamechoka.

Leo ni Ijumaa. Jioni hii pikipiki ilisimama nje, akaingia Andoy, koti jipya jeusi, kitambaa kimeshushwa kidevuni. Nimefurahi kumwona, mtoto amenenepa.

"Mama mkubwa, nimeacha samaki! Ninong kanipatia kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kukaa nyuma tu." Akacheka. "Yeye anaendesha. Usiniulize mengi."

Nilichungulia dirishani. Isko alikuwa juu ya pikipiki, injini inanguruma, akaniinulia mkono kama jirani mwema. Nikampakulia Andoy uji, maana sikujua mikono yangu niifanyie nini.

"Haya, leo Ijumaa," akasema huku anapuliza kijiko. "Nani muuaji?"

Nilifungua mdomo. Jina lilikuwa juu ya ulimi kabisa. Honi ikalia nje, mara moja, fupi.

"Ongeza ndimu," nikasema.

Akala haraka haraka, honi ikalia tena, akainuka, akaugusisha mkono wangu kwenye paji la uso wake kwa heshima, akapandisha kitambaa hadi chini ya macho. Sikumtambua. Nilisikia pikipiki ikiondoka na watu wawili juu yake.

Bakuli lake liko mezani, uji umebaki nusu. Sijaliosha.