Jina Kwenye Viganja vya Koskiranta

Jumamosi ya pili ya Februari, saa sita mchana, Arja Kettumaa alikuwa ameinama juu ya kinasa sauti cha kaseti, akisugua kichwa cha kusomea kanda kwa kijiti cha pamba kilichochovywa spiriti. Pamba ilitoka na uchafu wa kahawia. Akaitupa, akachukua nyingine. Kaseti ya mchezo wa kompyuta aliyokuwa akijaribu kuipakia, programu yake ikiwa imerekodiwa kama sauti, ilikuwa imegoma mara nne tangu asubuhi, na kila ilipogoma alikuwa ameshasikiliza dakika sita za mlio wa kukereketa masikio, halafu televisheni ikamwambia kuna kosa, bila kumwambia kosa lenyewe ni lipi.

Wapenzi wa kompyuta za zamani wa mji wa Koskiranta walikutana kila wiki katika chumba cha chini cha bekari iliyofungwa. Walikuwa tisa. Kwenye meza zilizowahi kukandiwa unga walipanga kompyuta za miaka ya themanini, mashine za michezo zenye vijiti vya kuongozea, televisheni za chogo, na nyaya ambazo hakuna aliyejua tena zilitoka wapi.

"Inakuchezea tu hiyo," alisema Urho Nissilä, fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha karatasi, ambaye hakuwa na shati lisilo na tone la lehemu. "Igonge kidogo ubavuni."

"Nikikugonga wewe ubavuni utapata akili?"

"Mke wangu alijaribu. Haikusaidia."

Arja hakucheka. Alikuwa na miaka sitini na tatu, na mchezo uliokuwa ndani ya kaseti ile alikuwa ameuandika yeye.

Mchezo uliitwa Meli ya Barafu. Chombo kidogo chekundu kilivunja barafu ya ghuba ili kuzifikia meli zilizonasa, kabla mafuta hayajaisha. Hakuna mtoto wa Kifini wa zama hizo ambaye hakuwahi kuzamisha chombo kile. Arja aliuandika kwa miezi kumi na moja kwenye meza ya jikoni ya mama yake, akiwa na miaka ishirini na minne, kwa ajili ya Commodore 64, kompyuta ambayo kumbukumbu yake yote leo isingetosha kuhifadhi picha moja ya paka. Aliyeuuza alikuwa Osmo Ranta-Eskelinen, mwenye kampuni ndogo iliyokuwa juu ya duka la viatu. Kaseti zilipotoka, jina lililoonekana mwanzoni lilikuwa la Osmo.

Arja alipomuuliza, Osmo alimjibu kwamba kompyuta ilikuwa imejaa pomoni. Jina lake, pamoja na pengo la katikati, lilidai nafasi kumi na tatu za kumbukumbu, moja kwa kila herufi, na nafasi kumi na tatu hazikuwepo. Jina la Osmo lilichukua nafasi ishirini. Arja alimwamini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amehangaika wiki nzima kuokoa nafasi nne ili mmoja wa sili, wale wanyama wa bahari ya baridi waliochorwa juu ya barafu, aweze kupepesa macho. Baadaye aliolewa, akaachika, akafanya kazi miaka thelathini kwenye kompyuta za kiwanda cha maziwa. Madaftari yake ya mirabaraba, yenye programu nzima kwa mkono wake, mumewe aliyatumia kuwashia moto wa sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, katika kiangazi cha mvua, kwa kuwa kuni zilikuwa zimelowa.

Sasa jumba la makumbusho lilikuwa linafungua ukumbi wa kompyuta katika kiwanda cha zamani cha karatasi. Walitaka kuutoa upya mchezo ule, kaseti mia tatu, na waliiomba klabu iunasue kutoka kwenye nakala ya zamani. Arja aliichukua kazi hiyo kwa sababu alijua wengine wangeiharibu.

Kaseti ilikubali mara ya tano. Jumatatu yake, akiwa nyumbani, aliifungua programu na kuipitia mstari kwa mstari, hadi akafika mwisho kabisa wa kumbukumbu. Pale alikuta nafasi kumi na tatu tupu. Zilikuwa sifuri kumi na tatu, zimepangwa foleni, mahali hasa alipokuwa ameliweka jina lake. Hakuna aliyezitumia kwa lolote. Zilikuwa zimefutwa tu na kuachwa.

Alichemsha kahawa, akasahau kuinywa. Kisha akaketi, akaliandika jina lake katika nafasi zile.

Jina halikutokea kwenye kioo. Sehemu ya programu iliyopaswa kulionyesha ilikuwa imekatwa, ikabidi aiandike upya, na kila alipoiandika jina lilikataa. Aliliweka juu, kioo kikawa cheusi. Aliliweka chini, sili wote wakaganda. Alilipaka rangi nyeupe, ghuba nzima ikawa nyeupe na meli hazikuonekana tena. Alihangaika nalo wiki tatu. Aliiita kompyuta majina ambayo hakuwahi kumwita mumewe, hata mwaka ule wa madaftari.

Jumamosi ya kwanza ya Machi aliipeleka kaseti klabuni, akamkabidhi Urho.

"Nitazamie. Mimi macho yamechoka, na roho pia."

Urho aliigeuza kaseti mkononi, akaisoma lebo, akaiweka mezani. Kisha akatazama kiganja chake.

"Arja wee, umeniandika."

Katikati ya kiganja, kwa herufi za kijani zilizojengwa kwa miraba midogo, kama zile za kwenye kioo, palikuwa na maneno ARJA KETTUMAA. Urho alikwenda kunawa kwa sabuni. Kisha akajaribu spiriti, kisha dawa aliyotumia kusafishia mbao za saketi, ambayo huondoa hata rangi ya kucha. Herufi zilibaki pale pale.

"Zimepangika vizuri," alisema, akikisogeza kiganja kwenye taa. "Hata pengo la katikati limekaa sawa."

"Kwenye kioo nimeshindwa kuliweka," alisema Arja kwa uchungu. "Wiki tatu, Urho!"

"Basi limepata pa kukaa."

Wengine nao wakaja kuishika kaseti. Kufika saa nane, wanachama wengine wote walikuwa na jina, nao wakarudi kwenye mashine zao, maana Jumamosi ni fupi.

Jumba la makumbusho lilinakili kaseti mia tatu kutoka kwenye ile moja. Watu wa kujitolea wakazitia kwenye makasha, na nyingine zikapelekwa shuleni na maktaba. Aliyeshika kaseti alipata jina. Hadi katikati ya Aprili nusu ya Koskiranta walikuwa nalo. Kituo cha afya kilibandika tangazo mlangoni kwamba hali hiyo haiambukizi, haiwashi, na watu wasije bila miadi. Mwalimu wa darasa la kwanza aliwaambia wazazi kwamba watoto kumi na wanane walijua kuandika Arja kabla hawajajua kuandika majina yao. Madukani watu walitoa mikono kupokea chenji, na muuzaji hakutazama mara mbili.

Arja aliona kwamba sasa, angalau, jambo lilikuwa wazi. Alivaa koti lake zuri, akaenda kwa mkurugenzi wa jumba la makumbusho, Kaisu Lindroth, mwanamke kijana aliyekuwa mpole kwa kila mtu. Kibao cha shaba cha ukumbi mpya kilikuwa tayari kimeegemezwa ukutani, nyuma ya kiti chake. Kilisema mchezo wa Meli ya Barafu ulitungwa na Osmo Ranta-Eskelinen.

"Nimekuja kuhusu hicho," alisema Arja.

"Nilikuwa nakutegemea, mama. Karibu, kaa." Kaisu alimmiminia kahawa. Jina lilionekana kiganjani alipoliachia birika. "Una hati yoyote? Mkataba, barua ya wakati ule?"

"Hakukuwa na mkataba. Madaftari yaliungua. Lakini jina langu si mnalo mikononi?"

"Tunalo, kweli." Kaisu alikifungua kiganja chake, akakitazama kwa heshima. "Lakini hilo uliliingiza mwenyewe kwenye programu mwaka huu. Klabu yenu imeniandikia."

"Kwenye programu nimeliingiza. Kwenye mikono sikuliingiza mimi."

"Sawa, mama. Ila mkono hauna tarehe."

"Niulize chochote kuhusu mchezo ule. Niulize kwa nini sili wa tatu hupepesa macho na wenzake hawapepesi."

"Mtu aliyeichunguza programu angeweza kujua. Na wewe umeichunguza." Alisema hayo kwa huzuni ya kweli. "Andika barua. Tutaiweka kwenye faili."

Arja aliandika barua tatu. Zote zikawekwa kwenye faili.

Mwishoni mwa Aprili Osmo mwenyewe alikuja bekari, amebeba mfuko wa mikate mitamu ya iliki. Alikuwa na miaka sabini na sita, amevaa skafu ya bei, na alimsalimia kila mtu kwa jina. Arja alikuwa anafungua kibodi kwa bisibisi. Hakusimama.

"Bado una hasira na mimi, Arja?"

"Nafasi zilikuwepo, Osmo. Kumi na tatu. Nimezikuta."

Osmo alivuta kiti, akaketi. Chumba kizima kikajifanya kina kazi.

"Nilikuwa na benki shingoni," alisema. "Walitaka mchezo wenye mtu mmoja, mtu wa kupigwa picha magazetini. Wewe ulikuwa msichana wa jikoni kwa mama yako. Uliandika, mimi nikauza. Mchezo usiouzwa ni daftari tu."

"Daftari langu."

"Lako, sikatai." Alivua glavu na kumwonyesha kiganja. Jina lilikuwepo, kijani kibichi, limejikunja kidogo kwenye makunyanzi. "Unaona? Nami nimeandikwa. Mjukuu wangu alinipa kaseti niisaini."

"Basi mwambie Kaisu maneno hayo hayo. Mbele ya mtu, ukaweke sahihi."

Osmo alitazama kiganja chake, kisha akavaa glavu.

"Kibao kimeshachongwa, Arja. Sisi ni watu wazima sasa. Tuwaache vijana wafurahi."

"Mimi nitafurahi lini?"

Osmo alisimama. Aliusogeza mfuko wa mikate upande wa Arja, akaondoka. Arja alikaza skrubu ya kibodi kwa nguvu hadi kichwa cha skrubu kikachubuka, kisha ikambidi aitoe kwa koleo, na kazi hiyo ilimaliza mchana wote. Mikate waliila akina Urho. Arja hakuigusa.

Ukumbi ulifunguliwa Ijumaa moja ya Mei, saa tisa alasiri. Arja alikuwa amesema haendi. Urho alimfuata kwa gari.

"Usipokwenda watasema hukujali."

"Nikienda je?"

"Watasema ulikuwepo."

Mlangoni palikuwa na kijana wa kike mwenye karatasi ya wageni. Aliipitia mara mbili kwa kidole.

"Samahani, mama. Jina lako halimo."

"Limo kwenye kiganja chako."

Msichana aligeuza mkono, akasoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo, nimeliona. Lakini kwenye orodha halimo."

Aliingia kama mgeni wa Urho, ambaye alikuwa ameorodheshwa kwa sababu ndiye aliyefunga nyaya. Ndani, mchezo ulikuwa ukienda kwenye televisheni kubwa ya chogo, na chombo chekundu kilikuwa kinapasua barafu kwa mwendo ambao Arja aliupima zamani kwa saa ya jikoni ya mama yake. Diwani alizungumza. Kaisu alizungumza. Osmo alizungumza kwa kifupi, akasema ilikuwa kazi ya upweke na baridi, nayo kweli ilikuwa hivyo. Kisha watu wapatao mia mbili wakainua mikono na kumpigia makofi. Kutoka ukutani alipokuwa amesimama, Arja aliliona jina lake likifunguka na kufungika mara mamia, kijani, ukumbi mzima. Yeye hakupiga makofi. Alitia mikono mfukoni. Viganja vyake ndivyo pekee mle ndani ambavyo havikuwahi kuandikwa kitu, ingawa aliishika kaseti kuliko mtu yeyote.

Alitoka kabla ya kahawa. Wiki iliyofuata alianza kuandika mchezo mwingine, akakwama siku ya pili, akazima kompyuta kwa hasira, akaiwasha tena.

Kibao hakijabadilishwa. Hufutwa vumbi kila Jumatatu na Ljudmila, mfanyakazi wa usafi, ambaye ana jina kwenye viganja vyote viwili, kwa kuwa siku kaseti zilipoingizwa ukumbini alizipokea kwa mikono miwili.